Niache Nimsindikize Mgeni Wangu

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alivuta kiti akakaa mbele yangu, akaniuliza ninataka nini. Nikadhani anauliza habari ya kinywaji, nikaona ajabu mgeni kumuuliza mwenyeji. Kumbe alitaka kujua nikipata nafuu ninatamani niweze kufanya nini tena, kitu kimoja kuliko vyote, ili yeye na wenzake wapange kazi yao kukifuata hicho. Alikuwa kijana wa Kimarekani mwenye ndevu nyekundu na soksi zenye picha za samaki. Alikuwa amevua viatu mlangoni bila kuambiwa, nami nikampenda papo hapo.

Mwanangu, aliyekuwa amekaa ubavuni kwangu, akanijibia. Akasema mama anataka aweze kuoga mwenyewe na asianguke tena.

"Umeulizwa wewe?" nikamwambia. Kisha nikamgeukia yule kijana, nikamjibu kwa Kiingereza changu nilichokiokota katika miaka mingi ya kupunguza suruali za watu kwenye maduka ya Wheaton, hapa Marekani. Nikamwambia ninataka kusindikiza wageni.

Akatabasamu, akauliza kama nina maana ya kuwafikisha mlangoni. Mlangoni wapi! Kumwacha mtu mlangoni ni kumfukuza kwa adabu. Nikamweleza kwamba ninataka nitoke nao, niite lifti, nishuke nao, tuvuke maegesho ya magari mpaka kituo cha basi, tusimame tuyamalize mazungumzo ambayo siku zote hukolea wakati wa kuagana, basi likija niwapungie mkono, halafu nirudi zangu. Mwanangu akajishika paji la uso. Yule kijana akasema hajawahi kupewa lengo la namna hiyo, lakini ni zuri, maana ndani yake mna kila kitu: kunyanyuka, kuvaa viatu, kutembea, kusimama na kurudi. Alilitaja neno la kurudi mwishoni kabisa, na siku hiyo sikulitilia maanani.

Nyonga yangu ilivunjika kwa sababu ya chupa ya chai. Kikundi chetu cha wanawake, Watanzania wengi na Wakenya wachache, kilikuwa kinakuja kwangu siku hiyo, na chupa yangu nzuri yenye maua mekundu, ile ya wageni tu, nilikuwa nimeiweka juu kabisa ya kabati. Nikapanda kigoda. Umri wangu sitautaja, ila hauruhusu vigoda. Mlango sikuwa nimeufunga kwa ufunguo kwa sababu nilikuwa nawasubiri, basi wakaingia wakiwa na masufuria yao, wakanikuta nimelala jikoni nikiwaambia karibuni, karibuni, chai bado.

Baada ya hospitali na baada ya kituo cha mazoezi, ambako nilikula viazi vya kuponda mpaka nikavichukia, nikarudishwa kwangu. Nikapewa huduma ambayo sikuwahi kuisikia. Mhudumu anakuja asubuhi kwa majuma machache, lakini haji kukufanyia kazi. Anakuja kukaa karibu yako wewe uzifanye kazi zako mwenyewe mpaka usimhitaji tena. Mtaalamu wa ndevu nyekundu naye anapita mara moja moja kuangalia mwendo. Nilipoelezwa hivyo nikasema moyoni, hawa Wamarekani wamebuni namna ya kukwepa kazi.

Mwanangu naye alikuwa na mpango wake. Yeye anakaa Sterling, upande wa Virginia, karibu na kazi yake kwenye yale majengo makubwa yasiyo na madirisha ambamo kompyuta huvuma mchana na usiku. Chini ya nyumba yake alikuwa ameshanitengenezea chumba chenye kapeti jipya na televisheni ukutani, na mkewe, mwanamke mwema sana, alikuwa ameninunulia mashuka. Mkataba wa pango la nyumba yangu ulikuwa unakwisha baridi ikiisha. Tukakubaliana, au tuseme yeye alikubaliana na mimi nikanyamaza, kwamba ikifika wakati ule bado siwezi kukaa peke yangu, nitaiacha Wheaton nihamie kwake.

Mtu ataniuliza, ubaya uko wapi? Mtoto anakupenda, anakuita kwake, mashuka mapya. Ubaya haupo, ila Sterling hakuna mahali unapokwenda kwa miguu. Nani angepanda treni na basi na sijui nini tena kuja kunitembelea chini ya ardhi? Hapa Wheaton hodi hazikauki nyumbani kwangu. Marehemu mume wangu, aliyekuwa dereva wa ubalozi, alikuwa akisema nyumba yetu ni stesheni. Kule kwa mwanangu mimi mwenyewe ndiye ningekuwa mgeni, tena mgeni wa kudumu, na mgeni hasindikizi mtu. Niliogopa jambo hilo kuliko nilivyoogopa kuanguka, na kwa kuwa sikujua namna ya kumwambia mwanangu bila kumuumiza, nikawa namjibu kwa ukali mambo mengine yote.

Mhudumu alipobisha hodi siku ya kwanza, akaniambia, "Jambo, mama."

Kwetu Tanga jambo tunawaachia watalii. Nikamtazama mwanamke mzima, mweusi kama mimi, kitambaa kizuri kichwani, nikajiuliza ananidhihaki au vipi. Kumbe anatoka Uvira, mashariki ya Kongo, na kwao hiyo ndiyo salamu ya heshima. Nikamwambia kwetu mkubwa huamkiwa shikamoo. Akanipa shikamoo yangu vizuri tu, na kesho yake akaja tena na jambo lake. Tuliendelea hivyo mpaka mwisho, kila mtu na salamu yake mkononi.

Asubuhi ile akaniletea soksi, akaniletea kile kifaa cha plastiki cha kuvutia soksi kwa mtu asiyeweza kuinama, akarudi nyuma, akafunga mikono mgongoni. Nikasubiri. Akasubiri. Nikajaribu, soksi ikaruka ikaangukia chini ya kitanda. Akaniletea fimbo yenye koleo ya kuokotea vitu, akafunga tena mikono mgongoni.

Nikawaka. Nikamwambia mtu wa rika la kuwa binti yangu anayesimama kumtazama mzee akihangaika na soksi hana malezi. "Mama yako hakukufunza?"

"Alinifunza sana, mama," akasema. "Kwetu mutu mukubwa hagusi hata maji ya kunawa, tunamuletea. Mikono yangu iko inaniwasha kabisa. Juu ya ile niko naifunga nyuma."

Nikamtazama vizuri. Kweli vidole vyake vilikuwa vimebanana nyuma huko mpaka vimepauka. Soksi nikaivaa, ikaja kombo, kisigino juu ya mguu, nami nikakataa kuivua kwa hasira, nikashinda nayo hivyo hivyo.

Siku za mwanzo hazikuwa za furaha, na sitadanganya kwamba nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nilikuwa na kile kifremu cha chuma cha kushikilia ukitembea, wenyewe wanakiita woka, nacho kilikuwa kinaniudhi kwa sauti yake. Kuoga nilikuwa naoga nimekaa kwenye kiti cha plastiki, yeye nyuma ya pazia akinihimiza. Kunyanyuka kitini nilikuwa naona kama napanda mlima. Nikishamaliza hayo mawili, narudi kukaa dirishani, nasema leo basi. Hakunilazimisha. Aliandaa vitu, akatoa sufuria na vikombe juu ya kabati akavishusha usawa wa kiuno, akaniuliza kila kimoja nakitaka wapi, kisha akaaga.

Halafu asubuhi moja akagonga mlango, ingawa alikuwa na ruhusa ya kujifungulia. Nikasema pita. Akasema kwa nje, "Hodi. Leo mimi siko mufanyakazi. Niko mugeni."

Akaingia, akavua viatu, akaenda kukaa kwenye sofa kubwa, sofa la wageni, mkoba juu ya mapaja. Akaniuliza habari za nyumbani. Nikajibu nzuri. Akaniuliza habari za watoto. Nzuri. Nikamuuliza za kwake, nzuri. Salamu zikaisha. Akatazama picha ukutani, akanitazama mimi, akatabasamu kama watabasamuvyo wageni wasiotaka kusumbua.

Sijui kama ninaweza kueleza kilichonipata. Nilikuwa na mgeni mbele yangu, na mikono yake ilikuwa mitupu. Nilijaribu kukaza roho. Nikajiambia, huyu analipwa, huyu si mgeni, ni ujanja tu wa kazi. Lakini tangu nizaliwe sijawahi kukaa na mtu sebuleni asiwe na hata bilauri ya maji, na mwili wangu haukujua tofauti ya ujanja na kweli. Nikasema bismillahi, nikanyanyuka.

Maji nikayachemsha. Majani nikatia, na tangawizi, kwa mkono mmoja, mwingine nimeshika ukingo wa meza. Tatizo likaja kwenye kubeba. Woka inataka mikono miwili, na kikombe nacho kinataka mkono. Nikasimama jikoni na chai yangu imeiva, mgeni yuko hatua chache kutoka hapo, na sina njia ya kuvikutanisha. Nilitaka kulia, kisha nikaona aibu kumlilia mgeni. Mwisho nikaitia chai kwenye chupa ya uji ya mjukuu wangu iliyosahauliwa kabatini, yenye kifuniko cha kufunga, nikaitumbukiza kwenye mfuko wa dukani, mfuko nikaufunga kwenye woka, nikaingia nayo sebuleni ikining'inia na kugonga vyuma.

Sukari nilisahau. Maziwa nilisahau. Ilikuwa imeshapoa. Akainywa yote.

"Nzuri?" nikamuuliza.

"Niko nakunywa, mama," akasema. "Usiniulize."

Tukacheka, mimi na yeye, kicheko cha kwanza tangu nilipoanguka, na nilicheka mpaka nyonga ikauma. Alipoondoka nikafungua cherehani yangu, ambayo nilikuwa nimeihesabu kama kitu cha zamani. Nikakata kanga moja iliyochoka, nikashona mfuko wenye vyumba viwili, kimoja cha chupa na kimoja cha vikombe, na vifungo vya kuukaza kwenye woka. Nilifanya kazi mpaka adhuhuri bila kukumbuka kwamba nina nyonga.

Tangu hapo akawa anakuja kama mgeni. Akishanywa anaaga, nami najitahidi kumsindikiza. Mwanzoni tuliishia mlangoni, na aliposema "bakia, mama" nikaona uchungu kweli. Baadaye tukafika kwenye lifti, nami nikawa narudi nikipapasa ukuta. Siku tuliyoshuka chini mpaka ukumbini, mlinzi wa jengo alinipigia makofi, nami nikamwinamia kama bwana harusi. Yule kijana wa ndevu nyekundu akaja, akanitazama ninavyotembea, akanifundisha kuufungua mlango mzito wa kioo kwa mgongo badala ya mikono, akanipandisha daraja kutoka woka hadi mkongojo. Mfuko wa kanga nikaushonea mkanda mrefu, nikawa nauvaa begani.

Watu huniuliza siku hizi kama huduma ile inasaidia kweli au ni maneno ya ofisini. Nawajibu inasaidia, lakini si uchawi. Kucha za miguu mpaka leo nakatiwa. Sufuria kubwa la pilau silinyanyui, na nguo nzito anakuja mtu kunifulia. Katika jengo letu hili hili kuna mzee mmoja aliyepata huduma kama yangu, akajitahidi kuliko mimi, na miguu haikurudi. Hakukosea kitu, mwili wake ndio uliogoma, na ninapompelekea maandazi simhubirii. Ninachokijua ni kwamba mimi nilikuwa nimeshajizoesha kuwa mzigo, tena mapema, na mwanamke mmoja akakaa kwenye sofa langu akanikumbusha mimi ni nani. Kwetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeitamka methali hiyo tangu utotoni bila kufikiri.

Lakini nimetangulia mbele mno, na bado sijaeleza balaa.

Balaa lilikuwa mapenzi ya wanawake wa kikundi chetu. Kila walipokuja kunijulia hali walikuja kama jeshi. Nikijiinua tu, sauti zote kwa pamoja: "Kaa! Kaa! Usinyanyuke!" Wananiwekea miguu juu ya mto. Wananilisha supu kwa kijiko. Wanaosha vyombo, na wakishaviosha wanavirudisha vyote juu kabisa ya kabati, mahali pake pa zamani, kwa sababu ndivyo walivyozoea kuviona. Wakiondoka hawataki hata niwatazame: usisumbuke, shoga, lala. Siku ya pili yake mwili unakuwa mzito, na mhudumu wangu anakuja kuvishusha vikombe tena. Nawapenda wale wanawake. Wangeniua kwa upendo, na wangenizika vizuri sana.

Sasa mmoja wao, rafiki yangu Mkenya anayekaa ghorofa ya juu yangu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye Silver Spring, mji wa jirani, akateremka asubuhi moja na bakuli la githeri, yale makande yao. Akanikuta nimesimama na mkongojo, jasho kwenye paji la uso, namimina chai. Mhudumu amekaa kwenye sofa, mguu juu ya mguu, anapokea kikombe.

"Haki ya Mungu!" akasema. "Hii ni nini naona? Mgonjwa ndiye anamhudumia mtu wa kumhudumia? Haya ni madharau!"

Nikajaribu kueleza. Nani angenisikiliza? Aliweka githeri mezani, akamtazama mhudumu toka kichwani hadi kwenye soksi, akatoka. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshampigia simu mwanangu.

Simu yangu ikalia. Niliiweka mezani kwa sauti ya nje kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na mkongojo, kwa hiyo mhudumu alisikia kila neno. Mwanangu alikuwa anahema. "Mama, nimeambiwa. Huyo mtu analipwa ku-assist, yeye ana-relax, wewe unam-serve chai? Nita-call ofisini kwao leo leo wamtoe. Na Jumamosi nakuja na truck. Nisha-rent. Tunahama, Mama, hatungoji mkataba uishe. Imetosha."

Yule mwanamke wa Uvira akaweka kikombe chini taratibu. "Mama," akaninong'oneza, "ile kazi ni ya kulisha watoto yangu."

Mimi si mtu wa kupiga kelele kwenye simu. Siku hiyo nilipiga. Nilimwambia mwanangu asithubutu kugusa riziki ya mtu. Nilimwambia huyo aliyekaa kwenye sofa ndiye pekee katika mji huu wote anayeniona mimi ni mtu na si kifurushi. Nilimwambia ofisini hapigi, akipiga asiniite mama, na Jumamosi aje na lori lake tupu tuonane uso kwa uso. Nikiwa katikati ya maneno hayo nikaona mhudumu ananyooshea kidole miguu yangu, mdomo wazi.

Nikatazama chini. Mkongojo ulikuwa umelala sakafuni. Sikuwa nimeshika ukuta wala meza. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule kwa miguu yangu miwili, mkono mmoja kiunoni na mwingine nikiupunga hewani kumgombeza mtu aliyeko Virginia.

"Mama," akasema, "usiache kukasirika!"

Mwanangu akasikia vicheko tu, akauliza kuna nini. Nikamwambia Jumamosi, nikakata simu.

Ijumaa tulikanda chapati na mhudumu, mimi nimekaa kwenye kiti kirefu, yeye akiwa mgeni aliyekuja mapema. Kabla hajaondoka akaniuliza kama ninaogopa. Nikamwambia ninaogopa sana. Akasema na yeye pia.

Jumamosi mwanangu alikuja na maboksi ya karatasi ngumu chini ya kwapa, yamekunjwa bapa. Akafungua mlango kwa ufunguo wake. Nikamwambia arudi nje apige hodi. Akanitazama, akaona sina mchezo, akatoka. Akapiga hodi. Nikamwacha kidogo, kisha nikaenda mwenyewe kumfungulia.

"Karibu," nikamwambia. "Maboksi weka hapo. Kaa."

Alikaa kwenye sofa la wageni. Niliposhika njia ya jikoni akainuka mara moja, mikono mbele. Nikamwambia akae. Kikombe kilipogongana na kingine jikoni akainuka tena. Nikamwambia akae, na kama mikono inamuwasha aikalie. Nilipotokea na mfuko wangu begani, mkongojo mkono wa kulia, nikamkuta mwanangu, baba wa watoto, mtu mwenye watu chini yake kazini, ameikalia mikono yake kweli.

Nikammiminia. Nikampa chapati. Akala moja, akala na ya pili. Alipofika ya tatu nikaona machozi yanashuka, na hakuyafuta.

"Mama, niliogopa," akasema. "Walinipigia simu wakasema uko kwenye sakafu. Njia nzima kutoka Sterling nilikuwa najua nakuja kukuta maiti. Kila simu inayolia sasa hivi nadhani ni hiyo. Siwezi kukaa naangalia tu. Siwezi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nina maneno makali nimeyapanga tangu alfajiri. Yote yakayeyuka. Nikamwambia najua, mwanangu. Nikamwambia hata yule mama wa Kongo hawezi, ndiyo maana anafunga mikono mgongoni. Nikamwambia nami naogopa, lakini nikienda kukaa kwako kwa sababu ya hofu yako na yangu, nitakuwa nimekwisha kabla sijafa. Kisha nikamwambia lile lililonikaa kooni tangu mwanzo, kwamba kwake ningekuwa mgeni.

Hakusema ndiyo wala hapana. Akamaliza chai, akatazama saa, akasema inabidi arudishe lori. Akasimama. Akasema kile wanachosema wote: "Usisumbuke, Mama, usinyanyuke."

Nikavaa koti.

Tukatoka. Mlango nikaufunga mwenyewe. Lifti nikaiita mwenyewe. Chini, mlango wa kioo nikaugeuzia mgongo, nikausukuma, nikamshikia apite, naye akapita akiwa haamini. Nje kulikuwa na jua la kwanza lenye maana tangu baridi ianze, na lori alikuwa ameliegesha mbali kabisa, upande wa kituo cha basi, kwa ukubwa wake. Tulitembea polepole. Aliniambia habari za mwanawe aliyegoma kula mboga. Nikamwambia baba wa mtoto huyo naye utotoni aligoma, tena alizificha mfukoni. Tulipofika kwenye lori tukasimama tukaanza mazungumzo mapya kabisa, kama ilivyo kawaida ya watu wanaoagana, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yake.

"Sasa nikusindikize juu," akasema.

"Halafu mimi nikusindikize tena chini? Tutakesha hapa."

Akacheka. Akaingia kwenye lori, lakini hakuwasha injini. Nikamuaga, nikageuka. Hapo ndipo nikalikumbuka lile neno la mwisho la kijana wa ndevu nyekundu. Kwenda nilikuwa nimekwenda na mtu siku zote. Kurudi kutoka mbali hivi, peke yangu, nilikuwa sijawahi, maana hata na mhudumu tulikuwa tunaishia ukumbini. Maegesho yale yalionekana mapana. Sikugeuka nyuma, kwa sababu nilijua nikigeuka atashuka. Nikaenda. Mlango ule mzito nikaupa mgongo. Lifti ikachelewa, nikaegemea ukuta, miguu ikitetemeka. Korido ilinuka vitunguu vya jirani. Ufunguo ukakataa mara ya kwanza, mara ya pili ukakubali.

Nilikuwa sijavua koti simu ikalia. Maisha yake yote, tangu alipoanza kwenda shule peke yake, nimekuwa nikimuaga mwanangu kwa maneno yale yale, ukifika unijulishe. Nikaenda dirishani na simu mkononi. Lori lilikuwa pale pale chini, halijasogea.

"Mama," akasema, "umefika?"

"Nimefika," nikamwambia. "Haya, na wewe nenda. Ukifika unijulishe."